Ua Lililokaliwa na Shomoro

Hii ni ya Konokono, aliyeogopa jua kuliko meno ya panya. Kiangazi kilichopita nusura akaukie ndani ya gamba lake. Bustanini kwao palikuwa na desturi: mvua za kwanza zikinyesha, atakayetangulia kumpa Chura habari ya ua la kwanza hupewa chungu kilichovunjika, ambamo jua haliingii mwaka mzima.

Asubuhi mvua ilipokatika, Shomoro aliruka mbio. "Wewe tambaa tu, shoga," alimcheka Konokono. "Utafika maua yameshanyauka!"

Alizunguka bustani mara tatu, akarudi anahema. "Chura, usijisumbue. Hakuna ua. Nimekagua kila penye jani. Nimetua mara moja tu, nyuma ya kisima, juu ya kijiti kitupu chenye mpira mwekundu wa nywelenywele."

Konokono, ambaye hakuwa amesogea hata shubiri moja, alinyoosha macho mpaka yakatetemeka. "Dada, hebu geuka kidogo. Huo unga wa manjano tumboni umeutoa wapi?"

Shomoro alijitazama.

"Chura!" Konokono alipaza sauti. "Ua lipo nyuma ya kisima! Limetangulia majani yake, na huyu amelikalia!"

Chura alicheka hadi akaanguka chali, kisha akamtangaza Konokono mshindi.

"Lakini mimi ndiye niliyeruka!" Shomoro alilia.

"Kweli kabisa," alisema Konokono, akiwa ameshaanza kujiburuta kuelekea chunguni huku akicheka. "Kwa hiyo njoo tuishi wote. Ila jipanguse tumbo kwanza, usinichafulie nyumba."