Mama Mzazi wa Kenge

Yule mama hakubisha hodi. Aliingia dukani na leso zake mbili na mkongojo, akakitupa kitabu cha katuni juu ya mashine ya fotokopi, akakipiga kofi.

"Ni wewe unayemchora mwanangu na mkia?"

Umair alijua mambo yameharibika. Katika kiduka chake cha picha za pasipoti pale Kilifi mjini, alikuwa akichapisha vitabu vya katuni kuhusu kenge mmoja mvaa suti, anayeiba mali ya umma. Jina la mtu hakuandika. Lakini wadi nzima ilimjua kenge. Kile kitambi na ile tai nyekundu vilikuwa vya Mheshimiwa Kambi, mwakilishi wao. Toleo la kwanza lilipotoka, vioo vya duka vilivunjwa, wala hakikuibwa kitu.

"Shikamoo, mama," alisema, akivuta kiti haraka. "Kwani wewe ni..."

"Marahaba. Ni mimi niliyemzaa Kambi. Na nimeaibika."

"Naomba radhi, mama. Ulikuwa utani tu."

"Utani gani? Hapa umemchora anaiba mabati ya zahanati." Alikandamiza kidole juu ya picha. "Mabati! Mwanangu ni mwizi wa mabati?"

"Hapana, mama."

"Mabati huibwa na walevi. Mwanangu alichukua friji ya chanjo."

Umair aliinua macho kutoka kwenye picha. Wiki ile ile mkewe, Afiya, alikuwa amempeleka mtoto wao zahanati kudungwa sindano ya surua, akarudishwa. Chanjo hakuna, aliambiwa. Friji imepelekwa kutengenezwa.

"Friji ya chanjo?"

"Ile ya sola. Iko Mtwapa kwenye baa yake, inapoza bia." Aliyasema hayo kwa fahari, kama mzazi anayetaja shahada ya mwanawe. "Na kitanda cha kujifungulia mbona hukukichora? Kiko kule kule, chumba cha wageni. Wateja wanauliza vile vyuma vya kuwekea miguu ni vya nini. Wengine hawaulizi."

Umair alikohoa, akatazama pembeni.

"Basi mchore kwa heshima yake," mama alisema akiinuka. "Mwanangu si mtu mdogo."

Alipotoka, Umair alifikiria vioo vyake vipya. Kisha akamfikiria mwanawe asiye na chanjo, na surua iliyokwisha kuingia mtaa wa pili. Akachukua kalamu.

Toleo hilo la friji na kitanda liligombaniwa. Ijumaa watu walicheka nje ya msikiti, Jumapili wakacheka nje ya kanisa. Jumatatu Kambi aliingia dukani mwenyewe, jasho linamtiririka, akajibwaga kitini.

"Nani alikwambia?" alifoka. "Hata mke wangu hajui friji iko wapi!"

Umair aliangalia vioo. "Mheshimiwa, usinivunjie vitu. Muulize mama yako."

"Mama yangu nani?"

"Mama yako mzazi. Alikuja hapa na kitabu mkononi. Alikaa hapo hapo ulipokaa."

Kambi aliruka kutoka kitini kama aliyekalia siafu.

"Mama yangu tulimzika Rabai mwaka juzi."

Umair akaishika mashine ya fotokopi. Kambi alijifuta jasho mashavuni, na aliposema tena, sauti ilikuwa imekuwa ya mtoto.

"Alikuwa... alikuwa amekasirika?"

"Sana," alisema Umair, na hakudanganya. "Alisema ameaibika."

Mheshimiwa alitoka kinyumenyume, macho hayabanduki kwenye kile kiti.

Kesho yake lori lilisimama mbele ya zahanati. Likashusha friji, likashusha kitanda, kisha likashusha mabati. Watu walishangilia. Umair peke yake ndiye aliyepigwa na butwaa, maana mabati aliyabuni tu.

Chanjo ziliporudi, Afiya alitaka kumpeleka mtoto, Umair akakataa. Atampeleka mwenyewe. Hakumwambia mkewe kwamba anaogopa kubaki dukani peke yake.

Foleni ilikuwa ndefu, kina mama wanacheka, wanaelekezana kidole kwenye friji kana kwamba ni bibi harusi. Zamu yao ilipofika, muuguzi mkuu, Sista Jedida, alikuwa ameinama akivuta dawa kwenye sindano, sare yake nyeupe imenyooshwa vizuri. Alimdunga mtoto upesi, mtoto akaangua kilio, naye akambembeleza mpaka akatulia. Ndipo alipoinua uso.

Ulikuwa uso wa yule mama wa mkongojo.

"Huyu hajambo," alinong'ona Sista, akimrudishia mtoto. "Na yule mwanangu mheshimiwa, anaendeleaje?"