Kijiko Kimoja cha Mchaichai

Flavia wa nyumba ya pili anadai Bibi Elisifa aliiinua ile chupa mnadani, nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanashindania mkungu wa ndizi wa sadaka, akasema usharika mzima ukisikia: "Dawa ya mbu ya Mektrida ni mafuta ya alizeti tupu. Mjukuu wangu Kindness yuko wodini na malaria, anaongezewa damu."

"Nikamjibu palepale," Flavia akaapa. "Nikamwambia, bibi, huyo binti unamsingizia. Mektrida hata parachichi lililoanguka kwa mtu haokoti."

Mektrida aliendelea kusugua pipa lake. Hakuinua macho.

Ndilo pipa la kuchemshia mchaichai. Mvuke hupita kwenye bomba, ukipoa unaacha mafuta yakielea juu ya maji, na harufu yake mbu wa mashamba ya mpunga huku chini hawaitaki. Kila chupa alikuwa akitia vijiko vitano, kinachobaki anajazia alizeti. Kiangazi kilipokausha majani, na wateja hawaishi mlangoni, akatia kijiko kimoja. Chupa ilinukia vilevile. Nani angejua?

Mbu walijua.

Siku tatu zikapita. Ya nne akajifunga kitenge, akaenda kumwambia bibi kwa mdomo wake mwenyewe. Amtukane, ampeleke kwa mwenyekiti, sawa tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapo."

"Kindness anaendeleaje?"

"Amerudi jana. Leo kanywa mtori kidogo."

Mektrida hakukaa. "Bibi, nimekuja kwa ajili ya ile chupa. Mimi..."

"Nyamaza, mwanangu. Niache nianze mimi, nisije nikashindwa."

Bibi akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika jani la isale, lile ambalo Mchagga akikupa kuomba msamaha, huna namna ya kulikataa.

"Siku uliyoileta, nusu niliimimina pembeni, ya kuchulia mgongo wangu. Nikajazia alizeti ya jikoni, ndiyo nikampaka mtoto. Halafu nikasimama mbele za watu nikakuita tapeli."

Akalisogeza jani kwa mikono miwili.

"Jumapili nitasimama tena palepale, niseme mwizi ni mimi, wewe huna doa. Lipokee, mwanangu. Unisamehe."