Kikao Maktabani

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na wakuu wa idara walikuwa bado wanabishana kuhusu nani anapaswa kuziba paa la maktaba ya chuo.

"Paa ni kazi ya Majengo," alisema Bi Tausi, mkutubi mkuu. "Vitabu vinaoza!"

"Sisi tunasubiri kamati," alijibu Bwana Mlaki, mkuu wa Idara ya Majengo. "Na kamati haijapata mwenyekiti."

Profesa Nasra Kapalata, mkuu wa chuo, alikuwa ameyasikia maneno hayohayo masika yaliyopita. Alisimama ghafla.

"Bebeni viti vyenu."

"Tunakwenda wapi, Profesa?"

"Maktaba. Kikao kinaendelea huko."

Walivuka uwanja wakilowa, huku wakinung'unika. Maktabani, wanafunzi walikuwa wamebanana kwenye kona moja kavu, wengine wakisoma wamesimama. Profesa aliweka kiti chake chini ya tundu lenyewe, akaketi. Maji yakaanza kumdondokea begani.

"Haya, Bwana Mlaki. Ulikuwa unatueleza habari za kamati."

Bwana Mlaki alifungua mdomo, tone likatua kwenye miwani yake. Akasogeza kiti. Huko nako kulikuwa kunavuja. Wanafunzi waliacha kusoma, wakawa wanamtazama yeye.

Alivua miwani, akainua uso, akalikagua paa kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mabati mawili tu," alisema kwa sauti ya chini. "Ngazi iko wapi?"

Wakuu wa idara wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ajibu. Profesa alifumba macho, maji yakizidi kumlowesha.