Kangaruu wa Mitini na Shore

Kangaruu wa mitini, mwana mfukoni, alimcheka jirani yake Shore, ndege wa kila kichaka. "Shoga, nyinyi mmejaa kila mti, nani awatazame? Sisi msitu mzima tumebaki wawili!"

"Hongera, shoga," alisema Shore, akiwa amelalia makinda yake.

Mara nyoka huyo, anapanda, moja kwa moja kiotani! Shore akapiga kelele, wakaja shore wenzake kumi, ishirini, wakamdonoa nyoka mpaka akageukia tawi la Kangaruu. Kangaruu akaita, akaita tena. Mwenzake yuko ng'ambo ya mlima.

Akaukumbatia mfuko. "Shoga, nakuomba, niitie wenzako!"

"Mbona wameshafika," alijibu Shore. "Si umesema tumejaa kila mti?"