Kifundo cha Khanga

"Mafuta kwenye damu hayajashuka, mzee Mutalemwa. Dawa unameza?" daktari aliuliza.

"Kila jioni. Muulize mama watoto."

Mkewe aliitikia kwa kichwa.

"Kuna bakteria wa tumboni wanaoisaidia dawa hii. Antibayotiki, zile za rangi mbili, huwaua. Unatumia?"

"Za nini? Siku hizi hata nikinywa pombe ya rubisi, tumbo limetulia."

Daktari alicheka. Mke alikishika kifundo cha khanga yake. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili. Kila asubuhi alifungua kimoja, akamwaga unga wake katika uji wa mumewe, tumbo lisimsumbue.

"Basi niongeze dozi," daktari alisema.

"Ongeza, daktari. Kaka yangu alikufa kwa kiharusi."

Mkewe alianza kukifungua kifundo.