Gari Juu ya Barafu

Wendell Hasbrook alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, miguu ameinyoosha kama mtoto, mkewe akimfunga kamba za buti. Idella alipomaliza buti alichukua kamba nyingine, nene, akamzungushia kiunoni na kuivuta kwa nguvu kuona kama fundo limeshika.

Arvid Lund, jirani yao mwenye duka la chambo, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kumzuia Wendell asiende ziwani na hakujua aanzie wapi.

"Gari limeinama," alisema hatimaye.

Kwa watu wa kaskazini mwa Minnesota, hayo yalikuwa maneno ya kutosha. Kila majira ya baridi walisukuma gari bovu hadi katikati ya ziwa lililoganda, wakaliacha juu ya barafu, na mji mzima ukabashiri siku litakayozama. Aliyepatia alizawadiwa paja la nguruwe. Ila gari lilikuwa na kazi nyingine: likishaanza kuinama, barafu imeanza kuoza, na hakuna anayekanyaga ziwa, hata awe amelewa chakari.

Wendell alisema analiona, macho anayo. Akacheka peke yake.

Amerika nzima ilimjua. Picha yake ilikuwa nyuma ya vitabu vilivyouzwa kila stesheni ya treni, ndevu zimejaa theluji, na chini yake maneno yale yale: humu hamna tukio ambalo halikufanywa kwanza kabla ya kuandikwa. Kwa ajili ya vitabu hivyo alikuwa amelala jangwani bila maji, ameruka kutoka kwenye treni inayokwenda, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilibaki Alaska. Sasa umri ulikuwa umekwenda na moyo unamsumbua. Kitabu kipya kilihusu mwindaji anayevuka ziwa wakati barafu imeoza, na ziwa lilikuwa hapo nje ya dirisha.

"Si iandikwe tu kwamba kavuka?" Arvid alimwuliza. "Nani atakuja kupima?"

Wendell alimtazama mkewe, kisha akarudisha macho kwa jirani. "Wasomaji si wajinga," alijibu, kama mwanafunzi anayerudia somo.

Akatoka. Idella alibaki dirishani na darubini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, uso umechoka, na Arvid alimwonea huruma. Alichukua kikombe kilichokuwa kando ya mashine ya kuchapa, pale mezani, akammiminia kahawa. Idella hakuinywa. Alisema usiku kucha hakupata usingizi, anaiwaza barafu hiyo tu.

"Shemeji, mkataze," Arvid alisema. "Wewe anakusikiliza."

Idella alisogeza darubini kidogo. Mumewe alikuwa amelipita gari, akionekana kama nukta nyeusi, akipapasa mbele kwa fimbo, kamba ndefu ikiburuta nyuma yake.

"Arvid," aliuliza bila kushusha darubini, "mtu akitumbukia, huweza kupiga kelele?"

Swali hilo lilimchoma Arvid. Alitamani kumdanganya, lakini alikuwa amewahi kuwatoa watu wawili ziwani. "Hawezi, shemeji. Baridi inamkata pumzi. Mdomo unafunguka, sauti haitoki."

Idella alifumba macho, midomo yake ikachezacheza. Arvid akainamisha kichwa, akidhani mwenzake anasali.

Ndipo Wendell akazama hadi nyonga. Arvid alitoka mbio na ngazi ya mbao aliyokuja nayo, akailaza juu ya barafu, akatambaa juu yake mpaka alipoishika ile kamba. Alimvuta hadi ufukweni, akambeba hadi jikoni na kumwangusha karibu na jiko la kuni, na hapo hasira zikampanda.

"Una roho ngumu wewe mzee. Mke amekufa mara kumi hapo dirishani. Kitabu ndicho nini, hata umtese mtu hivi?"

Meno ya Wendell yaligongana. Alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu, akamwangalia Idella, akakifunga.

Arvid aliondoka bila kuaga. Idella alimvua mumewe nguo zilizolowa, akamfunika blanketi mbili, akamkausha nywele taratibu, akamshikisha bakuli la supu. Alimbusu kwenye paji la uso. Alimpenda sana, na mtu yeyote angeona.

Mshindo ukasikika kutoka ziwani, mzito, madirisha yakatetemeka. Walipotazama, gari halikuwepo tena. Palibaki shimo la maji meusi.

Wendell aliegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakalegea. "Basi," alisema. "Ziwa limefungwa. Mwaka huu havuki mtu."

Idella alivuta kiti hadi mezani, akaingiza karatasi safi kwenye mashine ya kuchapa, akaweka vidole vyake vyote kumi juu ya herufi.

"Mguu ulipozama, nini kilitangulia, maumivu au woga? Niambie kabla hujasahau."

Alimwambia. Mashine ikalia kwa muda mrefu bila kusita. Ilipotulia, Wendell aliuliza kwa sauti ndogo, "Idella, huyo mwindaji wako, anafika ng'ambo?"

"Bado sijaamua," alisema mkewe, akiyatazama maji yale. "Buti zako zitakuwa zimekauka kesho."