Bima ya Fisi na Mguu Mmoja

Kila mwezi kila mnyama alimpa Fisi mfupa wa bima, ili amtibu akiumia barabarani. Mkokoteni wa Punda ulipopinduka na abiria wake, Fisi alisema bima inatibu mguu mmoja tu kwa kila ajali. Digidigi, aliyevunjika mguu, aliwakusanya majeruhi wenzake, wakamshtaki pamoja kwa Hakimu Bundi.

Fisi akacheka. "Kesi moja, mlalamikaji mmoja! Haya jamani, chagueni mguu."

Digidigi akachechemea mbele. "Tumekubali, Bwana Fisi, sisi ni mmoja. Basi baki na mfupa mmoja wa kila mwezi, uturudishie mingine yote."

 Fisi alishaitafuna mifupa yote zamani.

"Mheshimiwa," akanong'ona, "nitamtibu kila mmoja."

Mvua zilipoanza, Digidigi aliruka madimbwi kwa miguu yote minne.